Siku Kulusum Alipofukiza Machinjio

Nikipanda bodaboda kutoka kazini, kuna vijana waendeshaji wanaoziba pua. Basi mimi huwauliza papo hapo: we kijana, hiyo katogo uliyokula asubuhi, yale matumbo yaliyopikwa na ndizi, yalishuka mbinguni? Kula unakula, kunusa hutaki! Wengi hucheka, wakanifikisha nyumbani salama. Mmoja alinishusha njiani, akaambulia maneno ambayo padri wangu hapaswi kuyajua.

Nasema haya mapema ili mnijue. Naitwa Amony. Ni Mwacholi, mzaliwa wa kambi ya polisi Nsambya, na kazi yangu ni kuosha matumbo katika machinjio ya umma ya Bondeni. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Kulusum, ninayeosha naye kwenye meza moja, na ambaye siku moja nusura atufungishe kazi sote kwa sababu ya kupenda usafi kupita kiasi.

Kulusum ni Mnubi wa Kibuli. Babu yake alikuwa askari, baba yake askari, na marehemu mume wake askari. Yeye mwenyewe hawakumpa bunduki, ila sauti ya kuamrisha aliirithi yote. Ni mfupi, mnene kidogo, ana mwendo wa haraka, na gambuti zake huwa zinang'aa hata zikiwa kazini. Akikwambia "simama," utasimama kwanza, kisha ndipo utajiuliza kwa nini umesimama.

Msije mkadhani tulianza tukiwa wasafi. Wee! Zamani tulikuwa tunaosha chini, sakafuni. Tumbo la ng'ombe linapasuliwa hapa, mavi yanamwagwa hapa, taulo inasuguliwa hapa hapa, na maji yanapita katikati yakisalimia kila kitu. Taulo ni ile sehemu ya tumbo yenye manyoya, na kitabu ni ile yenye kurasa kurasa. Ukiosha kitabu vibaya, mlaji anasoma mavi. Na kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, walitembea kati yetu wakichagua. Mmoja aliwahi kunipokonya utumbo mkononi. Nilivutana naye mbele za watu, banange, na alishinda yeye.

Kulusum ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja alikuja na rangi ya buluu iliyobaki alipopaka mlango wa nyumba yake. Akavua aproni, akapiga magoti, akachora mstari sakafuni toka ukuta huu hadi ukuta ule. Akasimama, akatutangazia: upande wa mlango wa nyuma ni upande mchafu, huko tumbo linapasuliwa na kumwagwa. Upande wa mabomba ni upande safi, huko tunaosha na kutundika. Ndoo ya kule haiji huku. Kisu cha kule hakiji huku. Mtu akitaka kuvuka, anakanyaga kwanza karai la dawa, ananawa mikono, ndipo anavuka.

Tulimcheka, tena sana. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvuka na ndoo yangu, kwa makusudi kabisa, nikimwangalia usoni.

"Rudi," akasema.

"Dada Kulusum, ni ndoo tu."

"Amony, rudi na ndoo yako kabla sijaja kukurudisha."

Nilirudi, jamani. Na wiki ile ilipoisha, nilikuwa mimi ninayewafokea wengine warudi. Kulusum akamsumbua msimamizi wetu hadi akatujengea meza za saruji na kutuongezea mabomba. Msimamizi alikuwa akimwona tu anatokea kwenye kona, anageuza njia. Kaloli nao aliwafukuza kwa ufagio mpaka wakahamia paa la jirani, wakawa wanatuangalia kwa hasira toka mbali.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu Kulusum ambalo lazima niwaambie, maana ndilo lililotuponza. Alikuwa anaogopa harufu. Si harufu ya kitu kilichooza, hiyo kila mtu anaikimbia. Alikuwa anaiogopa harufu yake mwenyewe.

Alipokuwa mke mpya, tayari akiosha matumbo, alikwenda kwenye arusi ya watu wa mume wake. Alikuwa ameoga, amejifunga gurbaba mpya, lile vazi la kitambaa la Kinubi, amejipamba. Wakakaa wanawake kwenye mikeka, kahawa ikaletwa. Wifi yake Ruqaiya, dada wa mume wake, akanusa hewani hivi, akasema kwa sauti, "Jamani, nani ametuletea machinjio humu ndani?" Wanawake wakaangua kicheko. Pengine Ruqaiya alikuwa anatania tu, mawifi si mnawajua. Lakini Kulusum aliinuka akaenda kukaa mlangoni, na toka siku ile, kila arusi, kila matanga, kila Maulidi, anakaa mlangoni. Kila jioni akishaoga anaweka makaa kwenye chetezo, anatia ubani na udi, anakifunika kwa gurbaba yake na kusimama juu ya moshi mpaka macho yanamtoka machozi.

Niliwahi kumwambia, "Dada Kulusum, mbona mimi huwa naoga tu na naenda kanisani, na hakuna aliyenikimbia?"

Akaniambia, "Wewe huna wifi."

Basi mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, msimamizi akatuita uani. Sura yake haikuwa nzuri. Akasema daktari wa mifugo atakuja kukagua sehemu ya matumbo. Ikipita, tutaendelea. Isipopita, sehemu yetu itafungwa, na matumbo yatakuwa yanachukuliwa machafu hivyo hivyo na tajiri mmoja mwenye mashine zake nje ya mji, akayaoshe huko. Sisi wanawake wa meza za saruji twende nyumbani.

Wengi wetu ni wajane, au tuna waume ambao ni bora tungekuwa wajane. Watoto wetu wamesomeshwa na taulo na kitabu. Mimi nikakaa juu ya ndoo.

Kulusum akasema polepole, "Wanatufukuza kwa sababu tunanuka."

"Hapana," nikamwambia. "Wanaangalia uchafu."

"Si kitu kimoja hicho hicho?"

Ningemjibu pale pale, pengine yasingetokea yaliyotokea. Lakini nami nilikuwa na yangu kichwani, nikanyamaza.

Siku ya ukaguzi ilipofika, tulikuwa kazini kumekucha. Kila kitu kilikuwa kimesuguliwa toka jana yake. Mstari wa buluu ulikuwa umepakwa upya. Ng'ombe wa asubuhi walikuwa wamekwisha chinjwa, matumbo yamepasuliwa upande wa kule, yameoshwa upande wa huku, yametundikwa meupe kabisa. Nilikwenda langoni kuchukua dawa ya karai kwa Afande Ogwal, mlinzi wetu. Huyu ni polisi mstaafu, mtu wa kabila la Walango, mwenye masharubu, mwenye kupenda kila kitu kiende kwa mpango. Nilipokuwa narudi naye, akasimama ghafla, pua juu.

"Amony, leo kuna misa?"

Nami nikanusa. Kweli, palinukia kama Jumapili ya Pasaka.

"Au kuna maiti?" akauliza, akavua kofia kabisa.

Tukaingia. Moshi! Kulusum alikuwa ameleta chetezo chake toka Kibuli, amekitia makaa ya jiko la mama anayetuuzia chai, na anakizungusha meza kwa meza, chini ya matumbo, kila kona, huku akinong'ona dua. Alikuwa amevaa aproni nyeupe juu ya gurbaba iliyofukizwa usiku kucha. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekwisha maliza kazi.

Na hapa sitaki mtu amlaumu peke yake. Kwa Wanubi, nyumba haijasafishwa mpaka ifukizwe. Unafagia, unapiga deki, halafu moshi unapita; moshi ndio muhuri. Nasi wengine tukaona ni jambo zuri. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada Kulusum, umetuheshimisha." Afande Ogwal alifanya ishara ya msalaba. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, tumefukiza chakula.

Saa tatu akaingia Dokta Okwera. Mwanamume mrefu, mpole, koti jeupe, gambuti nyeupe. Alikanyaga karai la dawa bila kuambiwa, tukampenda papo hapo. Akatembea hatua chache tu akasimama. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Ule upole ukamtoka.

"Mnaficha nini humu?"

Tukaangaliana.

"Nauliza, mnaficha nini? Watu wanapaka nyama madawa ya ajabu isiingiwe na nzi, mmeshasikia. Wanatia manukato ili iliyooza isijulikane. Sasa ninyi mnanikaribisha kukagua matumbo kwa ubani?"

"Dokta," akasema Kulusum, sauti imepungua, "ni usafi."

"Mama, mimi chombo changu cha kwanza ni pua. Kabla ya macho, kabla ya kisu. Umeniziba pua, nitakagua kwa kitu gani? Na nyama inashika harufu. Huu moshi utaliwa na watu." Akafunga koti lake. "Nakwenda upande wa nyama. Nikirudi, nataka nikute humu hakuna harufu hii. Nikiikuta, matumbo yote ya leo yanatupwa, na sehemu hii naifunga."

Akatoka. Lo! Wanawake wakamgeukia Kulusum, kila mmoja na lake. Mwingine analia, mwingine anamuuliza nani alimtuma. Yeye amesimama na chetezo mkononi, hata kukiweka chini hajui. Nilikasirika, nawaambia ukweli, lakini nilikasirikia zaidi wale waliokuwa wanapiga kelele badala ya kushika ndoo.

"Nyie!" nikawapigia kelele. "Mnataka kufanya kazi au mnataka kufanya matanga? Fungueni milango!"

Afande Ogwal akachukua chetezo, akakipeleka nje mbio, mkono mmoja umenyooshwa mbele, utadhani amebeba bomu. Tukafungua milango yote miwili. Tukateremsha matumbo, tukayarudia kwenye maji ya baridi, taulo baada ya taulo, kitabu ukurasa kwa ukurasa. Tukamwaga maji ukutani, tukasugua meza, tukavua aproni tukapepea hewa itoke. Kulusum ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Alisugua bila kusema, na alipovuka mstari wa buluu na ndoo, hata siku ile, alikanyaga karai kwanza.

Upepo ukaingia. Nikanusa matumbo: yananuka matumbo, asante Mungu. Nikanusa ukuta: saruji mbichi. Nikajua tumepona. Kisha nikapita karibu na meza yetu, na ubani ukanipiga tena puani, mzito vile vile. Nikarudi nyuma, ukaisha. Nikasogea, ukarudi. Nikainama chini ya meza nikitafuta kaa lililoanguka. Hakuna kaa. Nikainua macho, nikamwona Kulusum ameniinamia, ananiuliza natafuta nini, na harufu inatoka kwake. Kwenye gurbaba, kwenye nywele, mpaka kwenye viganja. Mwanamke aliyejifukiza kila jioni toka ujana wake hawezi kutoka harufu kwa ndoo moja ya maji.

Moyo uliniuma, jamani. Mdomo wangu huu usioogopa mtu ukawa mzito.

"Dada Kulusum," nikasema. "Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Harufu. Ni wewe unayenukia."

Alinitazama kana kwamba nimemzaba kofi. Maneno hayo alikuwa ameyakimbia maisha yake yote, na nimekuja kumwambia mimi, rafiki yake. Nilitaka kumweleza kwamba si vile, kwamba ni kinyume chake, lakini tayari tulimsikia Dokta anazungumza nje na msimamizi. Kulusum akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yetu. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda kukaa kwenye benchi la Afande Ogwal, nje ya lango. Kila kitu mle ndani ni yeye aliyekipanga, na siku ya kukaguliwa akakaa nje.

Dokta akaingia. Akavuta pumzi. Akatembea mpaka mwisho wa chumba, akavuta tena. Akaanza kukagua, na alikagua kweli kweli: alipitisha kidole chini ya meza, akachungulia mfereji, akanusa visu, akafunua kitabu kurasa zote na kuzitazama kwenye mwanga. Alipofika kwenye mstari wa buluu akasimama muda mrefu. Akajaribu kuvuka hivi hivi, nami mdomo ukanitoka wenyewe:

"Dokta! Karai!"

Msimamizi alifumba macho. Dokta akanitazama, akarudi nyuma, akakanyaga karai, akanawa, akavuka. Alipotoka upande wa pili alikuwa anatabasamu.

"Nani aliyechora mstari huu?"

"Kulusum," tukasema sote.

"Yuko wapi?"

Kila mtu akaniangalia mimi.

"Yuko nje, Dokta," nikasema. "Anaogopa kuingia. Ananukia."

Dokta akaelewa, akashika kiuno, akacheka hadi koti likatikisika. Kisha akatoka kwenda langoni, nasi tukamfuata nyuma na aproni zetu zinazochuruzika maji. Kulusum alipomwona akasimama. Dokta akamwomba akae, naye akakaa kando yake, pale pale kwenye ule ubani.

"Mama, mmepita," akamwambia. "Mtaendelea na kazi yenu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimkumbatia Afande Ogwal, akashtuka mpaka kofia ikaanguka. Lakini Kulusum hakupiga kigelegele. Alimwuliza, taratibu, "Na harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya mle ndani. Inanukaje?"

Dokta akafikiri kidogo. "Inanuka maji na nyama mbichi. Mahali pachafu hapanuki hivyo, mama, mimi nimezunguka mengi. Ile ndiyo harufu ya machinjio safi. Usiifiche tena, nikiipata ile ndipo najua watu wanakula salama."

Kulusum akafunika uso kwa ncha ya gurbaba yake, akalia. Hatukumnyamazisha. Nami nililia, sioni haya kusema, nikamkalia upande wa pili na kumwambia, "Unaona? Nilitaka kukwambia hivyo, ila wewe una haraka ya kutoka." Akanipiga kofi la bega, nikajua amenisamehe.

Wiki ile ile ilikuwa arusi ya Nabilah, binti wa yule yule Ruqaiya, huko Kibuli. Kulusum alinialika. Siku yenyewe tulikuwa na kazi nyingi, tukamaliza tumechelewa. Tukanawa mikono na uso kwa sabuni pale bombani, tukabadilisha nguo. Nikamwona anafunga mfuko wake.

"Hupiti nyumbani kujifukiza?" nikamwuliza.

"Tumechelewa," akasema. "Twende."

Nilimtazama vizuri, lakini sikuongeza neno. Na mimi kunyamaza, mnajua, si jambo dogo.

Tulipoingia, wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, kahawa na sahani za pilau ya matumbo zinazunguka, bibi arusi amejipamba, udi unafuka kwenye chetezo kona ile. Mlangoni palikuwa na nafasi ile ile, mahali pake pa miaka yote, hakuna aliyekaa. Mimi nikawa naanza kukaa hapo. Kulusum akanipita. Akavua viatu, akapita katikati ya magoti ya watu, samahani mama, samahani bibi, mpaka mbele kabisa karibu na Nabilah, alipokaa Ruqaiya.

Ruqaiya akainua uso. Nikamwona ananusa. Nami nikaanza kutafuta maneno yangu makali zaidi, nikayapanga tayari.

"Kulusum," akasema, "umetoka kazini?"

"Nimetoka kazini, wifi," Kulusum akajibu, kwa ile sauti ya kuamrisha, chumba kizima kikasikia. "Matumbo ya pilau unayokula niliyaosha mimi. Sogea kidogo, nikae."

Ruqaiya akasogea.